Tiba ya mtoto mlemavu shuleni: Nani alipe?

Na MWANDISHI WETU

UKIINGIA asubuhi katika chumba cha tiba ya viungo cha hospitali yoyote kubwa ya umma hapa nchini, utawakuta akina mama wameketi kwenye mabenchi wakisubiri zamu. Wengine wamepakata watoto wachanga. Wengine wamekuja na watoto wa miaka minane au tisa, na baadhi ya watoto hao wamevaa sare za shule.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo huhitaji kunyooshwa viungo mara kwa mara ili misuli isikaze. Asiyeweza kutamka vizuri huhitaji mtaalamu wa matamshi. Asiyeweza kushika kalamu au kufunga vifungo vya shati huhitaji mtu wa kumfundisha kutumia mikono. Kwa wazazi wengi wa mjini, huduma hizo hupatikana hospitalini, siku za kazi, saa zile zile ambazo wenzake wako darasani.

Kwa hivyo mama hulazimika kuchagua. Akimpeleka mtoto hospitali, masomo ya siku hiyo yamepotea, na yeye mwenyewe hakufungua kibanda chake wala hakwenda kazini. Hulipa nauli ya watu wawili, na makanga wa matatu akiona kiti cha magurudumu humdai nauli ya mtu wa tatu. Akimpeleka shule, mtoto hukaa mwezi mzima bila kunyooshwa, na mguu uliokuwa umeanza kulegea hukaza tena.

Mbona basi tiba isimfuate mtoto shuleni? Mzazi anayeuliza swali hilo huambiwa na watu wa shule kuwa hayo ni mambo ya afya. Akienda kwa watu wa afya huambiwa kuwa mambo ya shule yana wizara yake. Waswahili husema wapiganapo fahali wawili, nyasi ndizo huumia.

Ubishi huu hauko Kenya peke yake. Nchini Marekani ulifika hadi Mahakama ya Juu mara mbili, na bima ya afya ya umma ikaruhusiwa kulipia tiba inayotolewa shuleni. Safari yao ina mafunzo kwetu, katika waliyofaulu na katika waliyokwama.

HAKI YA KUSOMA

Mnamo Novemba 29, 1975, Rais Gerald Ford alitia saini sheria inayozitaka shule za umma kumpa kila mtoto mlemavu elimu ya bure inayomfaa. Kabla ya hapo, Bunge la nchi hiyo lilikuwa limegundua kwamba zaidi ya watoto milioni moja walemavu walikuwa wamefungiwa nje ya shule kabisa.

Sheria hiyo iliagiza kila mtoto aandikiwe mpango wake mwenyewe wa masomo, na ndani ya mpango huo zitajwe huduma zote atakazohitaji ili aweze kujifunza, kama vile tiba ya viungo na ya matamshi. Shule haikuruhusiwa kumtoza mzazi hata senti moja.

Punde ubishi ukaanza. Je, huduma za kusaidia masomo zinaishia wapi, na tiba inaanzia wapi?

Amber Tatro wa jimbo la Texas alizaliwa na tatizo la uti wa mgongo ambalo wengi hapa hulijua kwa jina la mgongo wazi. Kila baada ya saa tatu au nne ilibidi atiwe mpira mwembamba wa kutoa mkojo, la sivyo figo zake zingedhurika. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na mtu asiye daktari wala muuguzi anaweza kufunzwa kuifanya kwa muda usiozidi saa moja. Wakuu wa shule walikataa, wakidai hiyo ni tiba. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu iliamua kwamba shule ni lazima iifanye, kwa sababu bila huduma hiyo mtoto hangeweza kukaa darasani.

Kesi ya pili ilikuwa nzito zaidi. Garret Frey wa mji wa Cedar Rapids, jimbo la Iowa, aliumia uti wa mgongo katika ajali ya pikipiki akiwa na umri wa miaka minne. Alipooza kuanzia shingoni kwenda chini, lakini akili yake haikuguswa. Alipumua kwa mashine, na aliendesha kiti chake kwa kupuliza na kufyonza mrija. Alihitaji mtu wa kuwa karibu naye siku nzima ya shule.

Kwa miaka kadhaa jamaa zake ndio waliobeba mzigo huo, wakitumia pia pesa walizolipwa kwa sababu ya ajali kumwajiri muuguzi. Mwaka 1993 mama yake aliiomba shule ichukue jukumu hilo, ikakataa kwa kuhofia gharama. Machi 3, 1999, majaji saba dhidi ya wawili waliamua kuwa Garret ana haki. Kazi inayohitaji daktari si ya shule, walisema, lakini ile inayoweza kufanywa na muuguzi au mtu aliyefunzwa, na ambayo mtoto hawezi kusoma bila kuipata, ni ya shule.

PESA ZATOKA WAPI?

Kushinda kesi ni jambo moja, na kupata pesa ni jambo lingine. Sheria ya 1975 iliahidi kwamba serikali kuu ingechangia hadi asilimia 40 ya wastani wa gharama ya kumsomesha mwanafunzi, ili kusaidia kulipia mahitaji ya walemavu. Ahadi hiyo haijawahi kutimizwa hadi leo. Mzigo mkubwa umebaki kwa majimbo na kwa wilaya za elimu.

Hapo ndipo bima ya afya ilipoingia. Tangu 1965 Marekani ina mpango uitwao Medicaid, ambao huwalipia matibabu watu wa mapato ya chini. Gharama yake hugawanywa kati ya serikali kuu na majimbo. Jimbo tajiri hurudishiwa nusu ya gharama na serikali kuu, na jimbo maskini hurudishiwa zaidi ya nusu. Leo karibu watoto 4 katika kila 10 nchini humo wamo katika bima za umma za aina hiyo.

Lakini Medicaid kwa kawaida hulipa pale tu ambapo hakuna mwingine anayepaswa kulipa. Kwa kuwa sheria ya elimu ilishaiwajibisha shule, maafisa wa bima walikuwa na sababu ya kusema hawahusiki. Mwaka 1988 Bunge lilikata shauri: bima isikatae kulipia tiba ya mtoto aliye mwanachama wake kwa sababu tu tiba hiyo imeandikwa katika mpango wa masomo. Bima italipa kwanza, na shule itakuja nyuma yake.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mtaalamu wa matamshi anakaa na mtoto nusu saa shuleni. Anaandika tarehe, muda, aliyoyafanya na maendeleo ya mtoto. Shule inapeleka madai kwa ofisi ya bima ya jimbo. Tuseme kipindi hicho kimegharimu dola 100. Katika jimbo la mgao wa nusu kwa nusu, dola 50 zinarudi kutoka kwa serikali kuu. Mzazi halipi chochote, na shule haiwezi kuigusa bima ya mtoto kabla mzazi hajatia saini kukubali. Akikataa, mtoto bado atapewa huduma zake zote.

Kwa miaka mingi shule zilidai pesa hasa kwa ajili ya watoto wenye mipango ya masomo ya aina hiyo. Desemba 2014 serikali kuu iliondoa kanuni iliyokuwa kikwazo, na majimbo yakaruhusiwa kupanua malipo hadi kwa wanafunzi wengine walio katika bima, kwa mfano mwenye pumu anayehudumiwa na muuguzi wa shule. Sheria nyingine ya 2022 iliagiza taratibu zirahisishwe na ikatenga dola milioni 50 za kuyasaidia majimbo.

WALIPOKWAMA

Msomaji asidhani kila kitu kimekwenda sambamba. Lalamiko kubwa ni makaratasi. Mtaalamu aliyesomea kuwafundisha watoto kutamka hujikuta akijaza fomu hadi jioni. Ili kujua gharama, shule nyingi hutumia uchunguzi wa ghafla: mfanyakazi huulizwa alikuwa akifanya nini katika dakika fulani iliyochaguliwa kwa bahati nasibu. Shule ndogo za mashambani, ambazo hazina makarani wa kutosha, hupata taabu ya kudai pesa ambazo ni haki yake. Wakaguzi wakikuta rekodi zina kasoro, pesa hurudishwa.

Isitoshe, bima yenyewe hutegemea siasa. Julai 4, 2025, Rais Donald Trump alitia saini sheria inayopunguza kwa kiasi kikubwa pesa za Medicaid katika miaka ijayo. Sheria hiyo haikutaja kuwa tiba ya shuleni ifutwe. Hofu ya walimu ni kwamba jimbo likipungukiwa, litapunguza kwanza yale yasiyo na watetezi wengi, huku wajibu wa shule kwa mtoto ukibaki pale pale.

NA HAPA KWETU?

Kenya haianzi na mikono mitupu. Vituo vya kuchunguza watoto wenye mahitaji maalumu vilianzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE, ikafuata mwaka 1986. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 54, inampa mlemavu haki ya kupata elimu na vifaa vya kumsaidia. Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu ilitiwa saini mwaka 2025.

Upande wa bima, Hazina ya Taifa ya Bima ya Hospitali, NHIF, iliyoundwa mwaka 1966, ilitoa nafasi kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyoanza kazi Oktoba 1, 2024. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kabla ya makato mengine. Kati ya 2018 na siku za mwisho za NHIF, nchi ilikuwa pia na EduAfya, bima ya wanafunzi wa shule za upili za umma. Mpango huo ulionyesha kwamba mwanafunzi anaweza kulipiwa bima kwa kuwa yuko shuleni, lakini haukuwafikia wa shule za msingi, ambao ndio walio katika umri ambao tiba husaidia zaidi. Sasa haupo tena.

Kinachokosekana ni daraja. Bima hulipa kituo cha afya kilichosajiliwa, na darasa si kituo cha afya. Shule nayo hupokea mgao wa wizara ya elimu. Kwa muda mrefu nyongeza kwa mwanafunzi mwenye mahitaji maalumu katika shule ya msingi imekuwa Sh2,300 kwa mwaka. Kitengo chenye watoto 20 hupata Sh46,000, ambazo haziwezi kumlipa mtaalamu mmoja wa tiba ya viungo hata kwa nusu mwaka.

Si lazima tuige Marekani kwa kila jambo, hasa makaratasi yake. Lakini uamuzi wao wa 1988 unaweza kufikiriwa hapa: tiba ambayo bima ingeilipia hospitalini, iilipie pia ikitolewa shuleni na mtaalamu wa hospitali iliyo karibu. Mtaalamu mmoja akizuru shule asubuhi moja kila wiki atawahudumia watoto kumi bila hata mmoja wao kukosa somo la hesabu, na akina mama kumi watakuwa kazini.

MZAZI AFANYE NINI?

Wakati hayo yakisubiriwa, mzazi asikae kitako. Mpeleke mtoto katika kituo cha uchunguzi wa elimu maalumu kilicho karibu, na uitishe ripoti yake kwa maandishi. Msajili kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Hakikisha jina lake limo katika bima yako ya SHA kama mtu unayemtegemeza, na uiulize hospitali mapema ni vipindi vipi vya tiba vinavyolipiwa.

Kisha mwombe mtaalamu akuonyeshe mazoezi mawili au matatu, nawe umwonyeshe mwalimu au yaya wa shule. Baadhi ya kazi hizi hazihitaji daktari, kama ile ya Amber Tatro ilivyokuwa. Na wazazi wa shule moja mkiwa wengi, andikeni barua moja kwa afisa wa elimu na nakala kwa afisa wa afya wa kaunti. Barua ikifika ofisi zote mbili siku moja, itakuwa vigumu kwa mmoja wao kusema suala hili ni la mwenzake.