MAJI MATAMU YALIYO JUU YA MAJI YA CHUMVI

Kisiwa cha Lamu hakina mto. Hata hivyo watu wamekaa humo kwa karne nyingi, nao wamekunywa, wamepika, wametawadha na kuwanywesha punda wao kwa maji ya visima. Mgeni aitazamaye bahari iliyokizunguka kisiwa huuliza imekuwaje kisima kilichochimbwa karibu na pwani kitoe maji yasiyo na chumvi. Jibu lake limo katika vilima vya mchanga vya Shela, vinavyofuata ufuko mrefu wa kusini mwa kisiwa. Vilima hivyo ndivyo vinavyowavuta wataalamu wa maji na wanafunzi wao waje na kamba, chupa na vyombo vya kupimia.

Mvua inyeshapo juu ya vilima hivyo, hasa mvua ya masika, haikimbilii baharini kama ifanyavyo juu ya udongo wa mfinyanzi. Mchanga huimeza papo hapo. Maji hushuka polepole mpaka yakutane na maji ya bahari, ambayo yamepenya chini ya kisiwa kutoka kila upande. Hapo hayachanganyiki upesi, kwa sababu hayalingani kwa uzito. Lita moja ya maji matamu ina uzito wa gramu 1,000, na lita moja ya maji ya bahari ina gramu 1,025 hivi. Basi maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi, kama samli ieleavyo juu ya mchuzi. Ila samli haichanganyiki kabisa, na maji haya huchanganyika kidogo mahali yanapogusana.

Yafaa jambo hili lieleweke vema, maana ndilo shina la habari yote. Jahazi lililopakiwa shehena huonyesha sehemu ndogo tu juu ya bahari, na sehemu kubwa imezama. Ndivyo yalivyo maji matamu chini ya mchanga. Kwa kila mita moja ambayo maji hayo yamesimama juu ya usawa wa bahari, ziko mita 40 hivi za maji matamu chini ya usawa huo. Hesabu yake si ngumu: tofauti ya uzito ni gramu 25, na 25 huingia katika 1,000 mara 40. Kanuni hii ilitolewa na Mholanzi Badon Ghijben mwishoni mwa karne ya 19, na baadaye, mwaka 1901, ikaelezwa tena na Mjerumani Herzberg aliyeshughulika na maji ya kisiwa cha Norderney. Lakini mtu yeyote wa pwani aliyezidisha kina cha kisima chake kwa tamaa ya maji mengi, akakuta chumvi, alikuwa amekwisha kuijua bila ya hesabu.

Hatari nayo imo katika hesabu hiyo hiyo. Maji ya juu yakipungua kwa mita moja kwa kuvutwa kupita kiasi, maji ya chumvi yaliyo chini hatimaye huinuka kiasi cha mita 40. Hayainuki kwa siku moja. Huja taratibu, na aghalabu mwenye kisima hatambui mpaka chai yake ibadilike ladha. Kadhalika, pampu ikivuta kwa nguvu mahali pamoja, chumvi huinuka chini ya mahali hapo mfano wa kichuguu. Mtu mwenye ndoo na kamba huchoka, pampu haichoki. Kwa sababu hiyo wataalamu hupendelea visima vingi vifupi vinavyovutwa kidogo kidogo kuliko kisima kimoja kirefu. Kisima kikiisha kuingiwa na chumvi, huenda kikahitaji mvua za miaka mingi kabla hakijarudia hali yake.

Ng'ambo ya mlango wa bahari, katika kisiwa cha Manda, yako magofu ya mji wa Takwa, ambayo James Kirkman aliyachunguza mwaka 1951. Mji huo ulihamwa katika karne ya 17, na watu wake husemekana kuwa walivuka wakakaa Shela. Baadhi ya wanahistoria huhesabu uhaba wa maji matamu miongoni mwa sababu za kuhama huko. Liko pale kaburi lenye nguzo, lililoandikwa mwaka 1094 wa Hijra, na watu wa Shela wamekuwa na desturi ya kwenda kulizuru na kuomba mvua.

Sasa vipimo vyenyewe. Maji yenye chumvi hupitisha umeme kwa urahisi, na maji matamu hupitisha kidogo sana. Mwanafunzi hushusha kisimani kijiti chenye ncha za chuma kilichofungwa kwenye waya, akaandika hesabu ionekanayo kwenye chombo, kisha akakishusha tena. Hesabu huwa ndogo, huwa ndogo, mara huruka. Hapo ndipo chumvi inapoanzia. Hapana budi aandike pia saa na hali ya bahari, kwa kuwa karibu na pwani maji ya kisima hupanda na kushuka kwa kujaa na kupwa, na kipimo cha wakati wa bamvua hakifanani na cha maji mafu.

Chumvi si adui wa pekee. Nyumba za mji wa Lamu zimesongamana, na mashimo ya vyoo hayako mbali na visima. Mchanga husafisha maji yapitayo ndani yake, lakini hauwezi kusafisha kila kitu kwa umbali mfupi. Wapimaji hutafuta vijidudu viitwavyo E. coli, ambavyo hukaa matumboni mwa watu na wanyama. Vikionekana kisimani, ni ushahidi kwamba kinyesi kimefika. Shirika la Afya Duniani lataka visipatikane hata kimoja katika mililita 100 za maji ya kunywa. Hutafuta pia nitrati, itokayo katika uchafu huo, ambayo ikizidi miligramu 50 kwa lita huweza kumdhuru mtoto mchanga anayelishwa maziwa yaliyokorogwa kwa maji hayo. Wengi hudhani kuwa kuchemsha maji huondoa kila ubaya. Kuchemsha huua vijidudu, na ni jambo jema sana. Lakini hakuondoi nitrati wala chumvi, bali huzidi kuzikoleza kadiri maji yanavyopungua sufuriani.

Elimu hii haikuanzia vyuoni. Katika mabirika ya Lamu watu waliweka samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu, nao ni ushauri ambao bwana afya yeyote angeutoa.

Mji wa kale wa Lamu uliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, na vilima vya Shela vimetangazwa na Serikali kuwa mahali pa kulindwa kwa ajili ya maji. Hata hivyo mchanga huchotwa kwa ujenzi, na majumba husogea. Hesabu ya watu wa Lamu nzima, pamoja na sehemu ya bara, ilikuwa 101,539 mwaka 2009, na 143,920 mwaka 2019. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bologna, Italia, pamoja na wa taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, walichapisha uchunguzi juu ya jambo hili hili: namna wingi wa watu na mageuzi ya hali ya hewa yatakavyoyagusa maji ya kisiwa.

Msaada mmoja uko juu ya vichwa vya watu. Paa la mita 50 za mraba likipata mvua ya milimita 20 hutoa lita 1,000, kasoro zile zinazomwagika. Ndiyo maana katika visiwa vya kaskazini na huko Kiunga watu hutegemea jabia. Kila lita inayotoka jabiani haikuvutwa kisimani.

Vipimo vinavyongojwa kwa hamu kuliko vyote ni vile vya mwezi wa Machi, kaskazi inapomalizika na masika hayajaingia. Wakati huo maji matamu huwa yamepungua kuliko wakati wote wa mwaka, na chumvi imekaribia juu.