Sura ya Tano: Ulimi wa Kondoo na Mihimili Mitatu

Mwulize mwanafunzi yeyote wa kidato cha nne Montesquieu ni nani, atakuchorea nyumba. Paa ni dola. Chini yake zimesimama nguzo tatu, Serikali, Bunge na Mahakama, kila moja kivyake, haigusi mwenzake. Nimesahihisha mchoro huo miaka mingi mpaka naweza kuuchora nimefumba macho. Kasoro yake ni moja tu: nyumba hiyo Montesquieu hakuijenga.

Sura hii nimeipangia mambo matatu: maisha yake, hoja yake juu ya madaraka, na jinsi katiba za dunia zilivyomtumia. Nitajitahidi kuufuata mpango huo.

Maisha yake hayana vituko vingi. Charles-Louis de Secondat alizaliwa tarehe 18 Januari 1689 katika ngome ya La Brède, karibu na Bordeaux, Ufaransa. Alikuwa kabaila na mkulima wa mizabibu. Mwaka 1716 ndugu wa baba yake alifariki na kumwachia jina la Montesquieu, mali, na kiti cha urais katika Parlement ya Bordeaux, ambayo, usidanganywe na jina, ilikuwa mahakama na si bunge. Kiti hicho kilikuwa mali kama shamba: kinarithiwa, kinauzwa. Mwaka 1726 alikiuza.

Hapo niwasimamishe wanaomwita mwanamapinduzi. Kwanza, alifariki Paris tarehe 10 Februari 1755, miaka 34 kabla ya gereza la Bastille kuvamiwa na Mapinduzi ya Ufaransa kuanza. Pili, katika kitabu chake kikuu alitetea wazi desturi ya kuuza vyeo katika nchi za kifalme. Alitaka mfalme awe na breki, hakutaka mfalme aondoke.

Umaarufu aliupata mwaka 1721 kwa Barua za Waajemi, riwaya ya wasafiri wawili kutoka Uajemi wanaoishangaa Paris, aliyoitoa bila kuweka jina lake. Kuanzia 1728 hadi 1731 alizunguka Ulaya, na sehemu kubwa ya safari hiyo alikaa Uingereza akiangalia siasa za huko. Roho ya Sheria ikatoka Geneva mwaka 1748, nayo haikuwa na jina la mwandishi. Mwaka 1751 Kanisa Katoliki likaiingiza katika orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku.

Kazi hiyo imegawanywa katika vitabu 31, na hoja ya madaraka imo katika cha 11, sura ya 6, anapoieleza katiba ya Uingereza. Msingi wake ni jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kuwa na mjumbe wa nyumba kumi mkorofi hahitaji kufundishwa: aliyepewa madaraka huyatumia mpaka akutane na kitu cha kumzuia. Kumhubiria hakusaidii. Anayemzuia mwenye madaraka ni mwenye madaraka mwingine.

Sasa rudi kwenye mchoro. Nguzo zisizogusana zitazuianaje?

Ndiyo maana Montesquieu alitaka mtawala awe na uwezo wa kuukataa muswada wa bunge, na bunge liwe na haki ya kuchunguza jinsi sheria zake zinavyotekelezwa. Alichokikataa ni mkono mmoja kushika yote. James Madison, mmoja wa waliotunga katiba mpya ya Marekani, alilazimika kulifafanua hilo mwaka 1788, pale wapinzani wa katiba hiyo walipolalamika kwamba imechanganya mihimili. Na Uingereza yenyewe iliyosifiwa haikuwa na kuta: mawaziri walikaa bungeni, kama wanavyokaa leo, na Lord Chancellor alikuwa jaji, waziri na spika wa Baraza la Malodi kwa mpigo, hadi mageuzi ya mwaka 2005.

Nguzo ya tatu ndiyo imepotoshwa zaidi. Montesquieu hakutaka majaji wa kudumu. Alitaka watu watolewe miongoni mwa wananchi, wasikilize mashauri kwa muda unaohitajika, kisha watawanyike. Mahakama yenye ubavu wa kubatilisha sheria iliyopitishwa na bunge hukuti kwake. Kwa Marekani, uwezo huo utafute katika hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 1803.

Kwetu Afrika Mashariki ubishi haujaisha. Katiba ya Tanzania inataka mawaziri watoke miongoni mwa wabunge. Ya Kenya ya mwaka 2010 inakataza waziri kuwa mbunge. Nimewahi kuwasikiliza wasemaji wawili kwenye kongamano moja, kila mmoja akiapa kwamba Montesquieu yuko upande wake. Wa mfumo wa Kenya ana pa kushika: Montesquieu alionya kwamba pasipo na mfalme, utekelezaji ukikabidhiwa watu waliotoka bungeni, uhuru umekwisha. Lakini hapo alizungumzia watu hao kuushika utekelezaji wote, na Tanzania yuko Rais anayepigiwa kura na wananchi wenyewe. Mimi ningewauliza wote wawili swali lake hasa: waziri akikosea, nani anaweza kumzuia, na amewahi kumzuia?

Nilikusudia kuingia sasa kwenye katiba za dunia. Lakini kila ninapomfundisha Montesquieu, mtu wa nyuma hunyoosha mkono: "Mwalimu, si ndiye aliyethibitisha kuwa watu wa nchi za joto ni wavivu?" Basi tuuzungumzie ulimi.

Katika kitabu cha 14 Montesquieu anasimulia jaribio lake. Alichukua ulimi wa kondoo, akatazama vijipele vyake kwa macho, kisha kwa hadubini, akaona juu yake vinyweleo vidogo. Akaugandisha nusu. Vijipele vikanywea, vingine vikazama kabisa. Ulimi ulipoyeyuka, vikainuka tena. Akahitimisha kwamba baridi hubana ncha za neva na kupunguza hisia, na joto huzilegeza. Mpaka hapo hana ubaya. Kisha akaruka kutoka ulimi mmoja hadi mataifa mazima: Mwitaliano huchanganyikiwa kwa opera ileile ambayo Mwingereza huisikiliza ametulia, mtu wa Moscow lazima umchune ngozi ndipo ahisi, na wa nchi za joto hulegea mwili na moyo.

Nilitaka kuona alichokiona. Nilikwenda buchani nikaagiza ulimi wa kondoo. Muuzaji akaniuliza, "Supu, mwalimu?" Nikamwambia falsafa, akanipunguzia bei kwa huruma. Nusu niliifunga kwenye mfuko nikaitia friza usiku kucha, nusu nikaiacha chini kwenye friji. Asubuhi, kwa kioo cha kukuzia, iliyoganda kweli ilikuwa imenywea, vijipele vimelala. Ilipoyeyuka vikaonekana tena. Nilijifunza jambo moja kuhusu nyama iliyokufa. Kuhusu Waitaliano sikujifunza kitu. Mke wangu aliuchemsha.

Nacheka, lakini ujinga huu haujafa. Bado nawasikia wasomi, wenye shahada zao, wakieleza kwamba watu wa Pwani ni wavivu kwa sababu ya joto, kana kwamba ni sayansi. Kilwa ilijengwa kwa mawe ya matumbawe, ikafanya biashara ya dhahabu ya Sofala, masultani wake wakatoa sarafu zao wenyewe, na joto lilikuwa hilihili. Nenda feri Dar es Salaam saa kumi na moja alfajiri, wavuvi wanaposhusha samaki, ukawahubirie habari za neva.

Kuna wengine wanaokosea upande wa pili. Wakifika kitabu cha 15, sura ya 5, wanakuta sababu za kuhalalisha utumwa wa watu weusi: sukari ingekuwa ghali, pua zao ni bapa, na mengine ya aina hiyo. Wanafunga kitabu kwa hasira. Wasome tena, polepole. Ni kejeli: amevaa sauti ya mtetezi wa utumwa ili kumvua nguo, naye alikuwa mtu wa Bordeaux, bandari iliyotajirika kwa biashara hiyo. Hata hivyo simsafishi. Sura mbili mbele anakubali kwamba katika nchi zenye joto kali utumwa hauchukizi akili kama kwingine. Ulimi ule ulimponza.

Nafasi ya katiba za dunia imeliwa na kondoo, na haitarudi. Lakini niongeze hili kwa yule wa nyuma. Katika kitabu hichohicho cha 14, Montesquieu anasema mtunga sheria mbaya ni yule anayeyafuata mapungufu yanayoletwa na hali ya hewa, na mzuri ni yule anayeyapinga. Yaani hata joto, kwake, ni kama mfalme: kitu chenye nguvu kinachohitaji kuzuiwa na sheria. Ni sura ya 5, kurasa chache baada ya ulimi. Wanaopenda kumtaja huwa hawafiki huko.