NAMBA NDEFU ISIKUTISHE, INA SIRI ZAKE!

Juzi kijiweni hapa Mfaranyaki, Songea, nimekunywa soda ya bure. Ubishi ulikuwa huu: Watanzania wote waliohesabiwa kwenye sensa ya 2022, yaani 61,741,120, wanaweza kugawanywa makundi matatu sawasawa asibaki mtu? Mshkaji mmoja akaapa inawezekana. Nikamwambia, "Atabaki mmoja, naye atanunua soda!" Akatoa simu, akagonga hesabu, akanyamaza.

Nilijuaje? Nilijumlisha tarakimu tu: 6+1+7+4+1+1+2+0, jibu 22. Ukigawa 22 kwa 3 inabaki 1, basi na ile kubwa inabaki 1. Sababu yake si uchawi. Kumi ni 9 na 1, mia ni 99 na 1, elfu ni 999 na 1. Hizo 9, 99 na 999 zinagawanyika kwa 3 na kwa 9 bila kubaki kitu. Ukiziondoa, zinabaki tarakimu zenyewe.

Kwa saba je? Hapo inakubali: kila kundi watu 8,820,160. Na ukiivunjavunja mpaka kwenye namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe, utakuta 2 zipo sita, halafu 5, 7, 43 na 641. Zizidishe zote, Watanzania wanarudi kamili!

Msinione mpiga porojo. Msimu uliopita mchezo huu uliokoa ada ya mdogo wangu. Mama aliuza mahindi kilo 2,743, kila kilo shilingi 650. Daftari lake lilisema 1,782,950. Karatasi ya karani wa mnunuzi ikasema 1,728,950. Mama akaguna, "Mwanangu, mimi shule yangu ndogo. Labda nimekosea mimi."

Nikajumlisha tarakimu za kila upande: 32 kwa 32! Nikatoa: tofauti 54,000. Tano na nne ni tisa, yaani inagawanyika kwa 9. Moyo ukapiga paa! Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, jumla yake haibadiliki, na tofauti lazima igawanyike kwa 9. Nikazitazama tena: kwa mama 82, kwa karani 28.

"Dada, samahani, hapo hujageuza?" Akarudia hesabu, akacheka kwa aibu, akasahihisha. Mama akahesabu noti zake mara tatu.

Angalizo: tofauti kugawanyika kwa 9 ni dalili tu, si ushahidi. Ikikuonyesha mlango, rudia hesabu yote kabla hujamnyooshea mtu kidole. Ila usikubali haraka kwamba aliyekosea ni wewe, eti kwa sababu mwenzako ana kalamu na meza!