Mtungi wa Jirani Ghalani Mwako

Ndugu mkulima, fikiri jambo hili. Jioni umemaliza kukama ng'ombe. Jirani wa mpaka mmoja anafika na mtungi wa lita 20 uliofunikwa gunia. Anasema, "Mzee, niwekee huu ghalani mpaka kesho." Harufu yake unaijua: ni chang'aa. Kwa ajili ya ujirani unanyamaza, na mtungi unalala kando ya mahindi yako. Usiku Chifu anakuja pamoja na polisi. Je, atashikwa nani?

Wengi hujibu upesi kwamba ni mwenye mtungi. Lakini Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 4, yasema kwamba mtu aweza kuhesabiwa kuwa na kitu hata kama hakukishika mkononi. Kikiwa mahali popote, pawe pake au pa mwingine, naye amekiweka kwa faida yake au ya mtu mwingine, basi anacho. Tena watu wawili wakijua na kukubali kitu kikae kwa mmoja wao, wote wawili wanacho. Soma tena maneno hayo, "kujua na kukubali", maana kesi ya namna hii husimama au kuanguka hapo. Mtungi ukifichwa ghalani bila wewe kujua, unalo neno la kumwambia hakimu. Lakini ukiupokea kwa mikono yako mwenyewe, utasema nini?

Pengine utasema kwamba chang'aa iliruhusiwa. Neno hili husikika sana sokoni, nalo ni kweli nusu tu. Mwaka 1980 ilitungwa sheria ya kupiga marufuku chang'aa kabisa. Mwaka 2010 sheria hiyo ilifutwa, ikaja Sheria ya Kudhibiti Vileo, ambayo watu waliiita Sheria ya Mututho kwa jina la mbunge wa Naivasha wa wakati ule. Chang'aa iliyoruhusiwa ni ile ya mwenye leseni, iliyotiwa katika chupa ya kioo isiyopungua mililita 250, yenye maandishi ya kuonya mnywaji. Mtungi wa jirani hauna hata moja la hayo. Kuipika, kuiuza, na hata kuwa nayo tu, ni kosa. Adhabu ni faini, au kifungo, au vyote viwili.

Ukali huu una sababu yake. Mwezi wa Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi kwa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine walipofuka. Mwaka 2014 msiba kama huo ulifika Embu, Kiambu na kwingineko. Methanoli haina rangi, na mnywaji hawezi kuitambua kwa macho.

Mimi ni karani wa kilimo, si wakili. Lakini jambo moja hunisikitisha. Mkulima aliyeshikwa hukubali kosa asilolifanya ili alipe faini na kurudi upesi kwa ng'ombe wake. Hajui kwamba hukumu hiyo huandikwa na kubaki katika rekodi za polisi, na kumngojea siku atakapotaka cheti cha tabia njema. Katiba ya 2010 yakupa haki ya kuambiwa sababu ya kushikwa kwa lugha unayoielewa, ya kunyamaza, na ya kufikishwa mahakamani katika saa 24, au siku ya kazi inayofuata ikiwa mahakama imefungwa. Kama hufahamu lugha ya mahakama, omba mkalimani, hulipi kitu. Tena ni upande wa mashtaka unaopaswa kuthibitisha kosa, wala si wewe kuthibitisha kwamba huna hatia.

Jirani akija na mtungi, mkatalie pale pale mlangoni, kabla hajautua chini. Na ukiukuta shambani asubuhi, katika migomba au kando ya mto, usiuhamishe wala usiumwage peke yako. Mwite mzee wa kijiji aje auone mahali ulipo, kisha mpeleke habari kwa Chifu saa ile ile.