Mjibu kwa Kikuria

"Ile pesa itume kwenye namba hii, ile nyingine ina deni." Ujumbe huu umezunguka nchi nzima kwa miaka, na bado unavuna. Niliwahi kusimama kwenye kibanda cha wakala mjini Mugumu, wilayani Serengeti, nyuma ya mzee mmoja aliyetoka upande wa Ngoreme. Kitochi kilikuwa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia ulishika leso yenye noti zilizokunjwa, shilingi 180,000. Alikuwa ameuza mbuzi ili alipie bweni la mjukuu, na mwalimu alikuwa ameahidi kumtumia namba ya malipo. Ujumbe ulipoingia, kwake ulikuwa jibu la mwalimu. Aliyemzuia ni wakala, binti mdogo tu: "Babu, hebu mpigie mwalimu kwanza kwa namba yake ya siku zote." Mwalimu hakuwa ametuma chochote.

Husemwa kwamba wazee wanatapeliwa kwa sababu hawajui teknolojia. Nimefanya kazi ya usalama wa malipo ya simu muda mrefu, na sikubali. Tapeli yule hakujua habari za mbuzi wala bweni. Alirusha maneno yale yale kwa namba nyingi, akijua kwamba kati ya wengi hakosekani anayesubiri kulipa. Mzee alikamatwa na uaminifu wake, kwa sababu alikuwa na deni na alitaka kulilipa siku ile ile. Lakini utazame tena ujumbe wenyewe. Hauna jina la anayeomba, wala jina la mtoto. Mwalimu gani wa Serengeti atamwomba mzee pesa bila hata shikamoo?

Aina ya pili huja ikiwa imevaa sare ya kampuni. "Imethibitishwa. Umepokea Tsh 150,000." Dakika mbili baadaye simu inalia: mzee wangu nimekosea namba, nisaidie unirudishie, ni pesa ya mgonjwa. Usibishane na ujumbe, angalia salio mwenyewe. Kwa Vodacom ni *150*00#, Airtel ni *150*60#, na Yas, iliyokuwa Tigo hadi 2024, ni *150*01#. Salio likiwa lile lile, hakuna pesa iliyoingia. Na kama imeingia kweli, bado usiirudishe kwa mkono wako. Aliyekosea apige 100, namba ya huduma kwa wateja ya mtandao wake, kampuni ndiyo irudishe muamala. Pesa hiyo yaweza kuwa imeibwa kwa mtu mwingine, nawe ukageuzwa daraja la kuipitishia.

Namba 100 ina kazi nyingine pia. Kampuni za simu zimeshatangaza mara nyingi kwamba zikikupigia kuhusu huduma zitatumia namba hiyo. Anayejiita "mtu wa makao makuu" kwa namba ya kawaida ya tarakimu kumi, akitaka namba yako ya siri au akikuelekeza kubonyeza nyota na tarakimu huku anakuharakisha, mkatie. Kumkatia mtu wa namna hiyo si utovu wa adabu.

Inayoniumiza zaidi ni simu ya sauti, maana inajua mahali panapouma. Mstaafu wa ualimu wa Tarime anaambiwa mafao yake yamekwama, atume gharama ya kufungua faili. Nyamongo, ambako ardhi inayouzunguka mgodi wa North Mara imeleta habari ndefu za fidia, sauti inayosema "jina lako limetoka" inapata sikio upesi. Na bibi ambaye wajukuu wake wako Mwanza na Dar es Salaam anasikia kilio: bibi, mimi mjukuu wako, nimepata ajali, hii ni simu ya msamaria.

Hapo ndipo ninapowaambia wazee wa Tarime kitu ambacho hakihitaji simu janja: mjibu kwa Kikuria. Kama nyumbani mnasema Kingoreme au Kiikoma, mjibu kwa lugha hiyo. Takwimu za kila robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, zimeonyesha mara kwa mara Rukwa na Morogoro zikiongoza kwa majaribio ya utapeli wa simu. Kijana aliyeketi huko na karatasi ya namba hawezi kukuambia mama yake anatoka ukoo wa Wairege au wa Wanchari. Atasema mtandao unasumbua. Mjukuu wa kweli, hata kama Kikuria chake kimechanganyika na Kiswahili cha mjini, atajua jina la ng'ombe mlilowahi kucheka nalo. Wapo matapeli wa hapa hapa wenye lugha yetu, kwa hiyo swali la ndani ya familia ni bora kuliko lugha peke yake, na kukata kisha kupiga namba ya mjukuu unayoijua ni bora kuliko vyote viwili.

Kuna wizi mwingine tusiopenda kuutaja, ule wa ndani ya boma. Macho yamepungua nguvu, mjukuu anasoma ujumbe, anatoa pesa, anaijua namba ya siri, na siku moja hesabu haifiki. Simlaumu mzee, lakini namba ya siri anaweza kuiweka mwenyewe hata macho yakiwa hafifu. Shika kitochi chako, pitisha kidole gumba katikati ya vitufe: kile chenye kipele kidogo ni tano. Ukikipata hicho, kulia kwake ni sita, kushoto nne, juu mbili, chini nane. Mama mmoja wa Nyamwaga asiyesoma nilimfundisha hivyo chini ya mwembe. Jioni aliweka namba yake ya siri akiwa amefumba macho, akacheka mpaka majirani wakaja.

Tangu usajili wa alama za vidole ukamilike mwaka 2020, kidole chako nacho ni mali. Anayesajili laini chini ya mwavuli akikuambia "haijasoma, weka tena", huenda anasajili laini ya pili kwa kitambulisho chako na kumuuzia mtu usiyemjua. Piga *106# uone laini zilizo kwa jina lako. Ukikuta usiyoitambua, nenda duka la kampuni husika na kitambulisho cha NIDA uifute. Wa Sirari, walio mpakani, wakumbuke kwamba laini ya Kenya haitaonekana humo.

Na pesa ikishakwenda? Piga 100 papo hapo, kabla ya kumweleza jirani, kwa sababu kampuni inaweza kuizuia pesa kama haijatolewa. Ujumbe usiufute. Namba ya tapeli itume TCRA kupitia 15040, kisha nenda polisi. Kosa hili lipo katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Wazee wengi hunyamaza kwa aibu wiki nzima, na katika wiki hiyo tapeli anarudi na hadithi ya kuwasaidia kurudishiwa pesa.

Wewe mwenye mzazi Nyamwaga, Robanda au Sirari, mpigie leo jioni. Usimwulize kama ametapeliwa. Mkubaliane swali lenu la familia, na umwahidi kwamba akikupigia kuuliza habari ya ujumbe wowote, hata usiku wa manane, hutamgombeza.