Chainizi kwa dakika tano: mapishi ya Kichina yanayookoa kuni

Mboga ya chainizi imezoeleka sokoni Mpanda. Jina lake linaonyesha ilikotoka, lakini namna Wachina wanavyoipika haikuja na jina. Wengi wetu tunaichemsha mpaka ilegee, tunamwaga maji, kisha tunaiunga. Kuni zinaungua mara mbili, na sehemu ya vitamini inaondoka na maji yale.

Wasikilizaji wa Misunkumilo wametuuliza kama kuna njia fupi zaidi. Ipo, na chombo chake ni karai.

Kwa nini Wachina hukata vidogo?

Chakula cha kila siku nyumbani China hukaangwa kwa moto mkali na kwa muda mfupi, huku kikigeuzwa bila kuacha. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba kuni zilikuwa adimu. Kipande kidogo huiva haraka, hivyo kisu kikifanya kazi kubwa, moto unafanya ndogo.

Ufupi huo unaonekana pia kwenye migahawa ya kando ya maji. Katika mji wa Hangzhou, pembeni ya Ziwa la Magharibi, mgahawa wa Louwailou umekuwepo tangu 1848. Unasifika kwa samaki anayeivishwa kwa muda mfupi katika maji ya moto na kumwagiwa mchuzi wa siki na sukari. Kinachotafutwa ni samaki mbichi kabisa, asiyehitaji viungo vingi. Aliyekula mgebuka Karema siku uliyovuliwa Ziwa Tanganyika anaelewa tunachosema.

Jinsi ya kupika

Karai lenye kitako cha mviringo hukaa vizuri juu ya mafiga matatu. Tumia kuni nyembamba zilizokauka. Kama ni mkaa, subiri ukolee wote.

1. Osha na ukate kila kitu kabla ya kuwasha moto. Mboga ichuje maji, la sivyo mafuta yatakurukia na mboga itachemka badala ya kukaangika.
2. Karai likipata moto, weka vijiko viwili vya mafuta, kisha kitunguu saumu na tangawizi.
3. Anza na vigumu kama karoti na hoho. Majani yawe ya mwisho.
4. Geuza bila kuacha. Majani yakinywea huku yakiwa bado ya kijani, tia chumvi na uepue.

Dagaa wakavu waoshe, wakaange peke yao kwanza, uwatoe, kisha uwarudishe mboga ikikaribia kuiva. Nyama ikatwe vipande vyembamba na ifuate utaratibu huo. Sosi ya soya si lazima; limao linatosha.

Mafuta kidogo yana faida nyingine: husaidia mwili kupokea vitamini A iliyomo kwenye mchicha, chainizi na karoti.

Usivyopaswa kuharakisha

Hapa tunaomba umakini. Kisamvu kina sumu ya asili, kwa hiyo lazima kitwangwe na kuchemshwa kwa muda mrefu. Maharage nayo yachemshwe mpaka yaive kabisa. Nyama ya nguruwe isiliwe ikiwa na wekundu ndani, kwa sababu inaweza kuwa na tegu. Samaki awe ameiva hadi kwenye mfupa. Dakika tano ni za mboga za majani na vipande vyembamba, si za kila chakula.

Faida kwa kaya

Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Kwa mwenye mtungi mdogo wa gesi, kupika kwa muda mfupi kunaufanya udumu zaidi. Na kwa mama ambaye bado anafuata kuni mbali, kila dakika inayopungua jikoni ni vijiti vichache vya kubeba kichwani.

Mezani hakuna kigeni. Nyumbani kwa Wachina mboga huwekwa katikati, kila mmoja na bakuli lake la wali, wote wakichota pamoja. Sisi tuna sinia, na mchele tunalima wenyewe hapa Katavi. Kilichobaki ni kunoa kisu.