Fahamu: Kiinitete hupimwaje kabla ya kupandikizwa?

Wenzi wenye vinasaba vya selimundu wanaweza kupata mtoto asiyeugua kwa kupima viinitete vilivyotungwa maabara kabla ya kupandikizwa.

Mwaka 1990, Alan Handyside na wenzake wa Hospitali ya Hammersmith, London, walitangaza mimba za kwanza zilizotokana na viinitete vilivyopimwa kabla ya kupandikizwa. Walichukua seli moja siku ya 3 baada ya utungisho, kiinitete kikiwa na seli 6 hadi 8 tu.

Leo wataalamu husubiri siku ya 5 au 6. Hutoboa ganda kwa leza na kuchukua seli chache za tabaka la nje, litakalokuwa kondo la nyuma; seli za mtoto haziguswi. Kiinitete hugandishwa kikisubiri majibu.

Kipimo huweza kukosea, hivyo mama hushauriwa kupima tena akiwa mjamzito.